Karani Aliyemrudisha Mervis

Saa moja asubuhi, foleni ya Hospitali ya Mpitilira, kusini mwa Malawi, imeshapinda kona. Eneless Kamtedza anatoka nyuma ya dirisha la mapokezi, anapenya katikati ya watu na kusimama mbele ya mwanamke aliyejifunika kitenge hadi kwenye nyusi.

"Mama, wewe njoo na mimi."

"Karani we! Sisi tuko hapa tangu alfajiri," mzee mmoja anafoka. "Huyo ni shangazi yako?"

"Ndiyo, baba. Leo ni shangazi yangu. Na wewe siku ukija umepasuka kichwa, utakuwa mjomba wangu."

Foleni inaangua kicheko. Mwanamke hacheki. Eneless hamgusi, anatembea kando yake hadi chumba namba tisa, walimo muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii na askari wa kike asiyevaa sare. Humo, mwanamke atasimulia mara moja tu yaliyompata.

Chumba hicho kina miaka minne. Eneless, mwenye umri wa miaka 47, ndiye aliyekihangaikia, na hapendi kusifiwa kwa hilo.

"Usiandike kwamba mimi ni shujaa," anasema. "Andika kwamba nilimrudisha mtu."

Mtu huyo tumwite Mervis, ingawa si jina lake. Miaka sita iliyopita alifika dirishani akiwa na mkono uliovimba na sikio linalotoka damu. Wakati huo utaratibu ulikuwa mmoja: aliyepigwa aanzie polisi, alete barua, ndipo afunguliwe kadi. Kituo kiko umbali wa kilomita saba.

"Nikamuuliza, barua iko wapi? Akasema, 'Dada, nimetoka mbali, sina nguvu.' Wala sikuinua kichwa, nilikuwa naandika. Nikamjibu, 'Sheria sikuitunga mimi, mama.' Nikamwita wa nyuma yake."

Mervis alitembea hadi polisi. Huko akaambiwa mambo ya nyumba yaanzie kwa mjomba aliyesimamia ndoa yake. Mjomba alimsikiliza, akamaliza nsima yake, ugali wa huko, kisha akamsindikiza kwa mumewe kabla jua halijazama.

Wiki tatu baadaye Mervis aliletwa hospitali ileile, amelazwa kwenye machela ya baiskeli. Safari hiyo hakuna aliyeulizia barua. Jicho la kushoto halikuokolewa, na mimba ya miezi mitano iliharibika. Mumewe alifungwa.

"Kadi yake niliifungua mimi," anasema Eneless. "Nilipoandika jina la kijiji chake, ndipo nikamkumbuka."

Siku hiyo alinunua daftari la shule na kuanza kuandika kila mwanamke aliyerudishwa kwa kukosa barua. Katika mwaka mmoja walikuwa 31. Kumi na wawili hawakuonekana tena. Kila kikao cha hospitali alikwenda nalo kwapani, wenzake wakimcheka: "Karani anataka kuwa daktari!" Mwaka wa pili, muuguzi mkuu alilisoma lote akiwa amesimama. Barua ikaondolewa, na chumba kikapatikana.

Eneless alikwenda kumwomba Mervis radhi, akiwa na kuku mkononi. Alimkuta barazani anabangua karanga.

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, 'Dada Eneless, nimekusikia. Ila usije kunitwika mimi mzigo wako. Chukua kuku wako.' Nikarudi na kuku, watu njiani wananiuliza kama namuuza."

Alimwomba pia aje kuzungumza na askari wapya wanaofundishwa kazi ya chumba namba tisa. Mervis alikataa.

Lakini Februari mwaka huu alikuja mwenyewe, amemshika mkono mdogo wake wa kike aliyepasuliwa mdomo.

"Huyu ni wa kwetu. Mwandike," alisema.

"Ingia naye, dada."

"Mimi nakaa hapa."

Alikaa kwenye benchi la nje kwa saa nne. Mdogo wake alitoka ameshonwa, na ikapangwa apelekwe kwa shangazi yao wilaya nyingine. Mervis hakushukuru. Aliuliza swali moja tu.

"Ijumaa mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Mpaka Jumatatu."

"Wanaume hulewa Jumamosi," alisema, akamchukua mdogo wake wakaondoka.

Tangu hapo Eneless ameandika mara mbili kuomba vitanda viwili na watu wa zamu mwishoni mwa wiki. Hajajibiwa. Sasa amepanga kufungua chumba mwenyewe kila Jumamosi, bila malipo, kuanzia mwezi ujao. Muuguzi amekubali kuwa naye. Askari anasema kwanza atamuuliza mkubwa wake.

"Mervis sikumsaidia siku ile, na hakuna siku nitakayoweza kulirekebisha hilo," anasema Eneless. "Askari akija, vizuri. Asipokuja, tutaanza wawili."