Kikapu cha Simu Mlangoni mwa Kanisa

Aibu hii siwezi kuificha, maana kanisa zima lilikuwepo, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine wa Mhezi, ambao kila wakiisimulia huniongezea simu mbili tatu.

Sikuwa na simu, na nilijivunia jambo hilo kama mwingine anavyojivunia ng'ombe. Ni mimi niliyependekeza kwenye baraza la wazee wa kanisa kwamba kila mtu azime simu yake aiache kwenye kikapu mlangoni, na itakayolia ibadani, mwenye kosa alete kuku wa kuuzwa mnadani baada ya ibada. Wazee wakapitisha, na mlinzi wa kikapu nikawekwa mimi (nani mwingine angeaminiwa?).

Benki walipotaka namba ya simu ndipo wanipe kadi, niliandika ya jirani yangu Mzee Eliamani, mzee wa kanisa mwenzangu. Alikubali, tukasahau.

Desemba iliyopita binti yetu Upendo, aliyeolewa Mwanza, alileta habari kwamba mwanawe wa kwanza angebatizwa Jumapili ifuatayo. Mke wangu alikuwa hajamwona mtoto huyo hata siku moja, na mabasi yote yalikuwa yamejaa. Sasa nikiwa mlangoni na kikapu changu, mahubiri yanaendelea, akaja Mama Neema, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi ng'ambo ya njia, akaninong'oneza kwamba kwenye kompyuta ameona nafasi mbili tu za basi la Jumatano kutoka Same.

"Baba Upendo," akasema, "niwalipie kwa simu yangu, utanipa taslimu baadaye."

Hapo ningesema asante na mambo yangeisha. Badala yake nikamjibu kwamba kadi ninayo, sihitaji simu ya mtu, nikakiacha kikapu kwenye benchi nikavuka naye njia. Tukajaza namba za kadi, na kompyuta ikasema niandike tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu yangu, nina dakika kumi. Mama Neema akaniuliza simu ipi. Nikamwambia ya Mzee Eliamani, na bahati nzuri iko kikapuni, na kikapu ni changu.

Nikarudi mbio. (Kukibeba kikapu hadi dukani sikuthubutu, waliokaa dirishani wangesema naiba.) Ndani mlikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe, kama ishirini, vyote vyeusi, vyote vimezimwa, nami sikujua cha Eliamani ni kipi. Nikaona niwashe kimoja kimoja, ujumbe wa benki utajitokeza. Sikujua kwamba simu ikiwashwa huimba. Cha kwanza kikaimba, nikakikalia. Cha pili kikatangaza saa kwa sauti ya mwanamke, nikakifunika kwa koti. Kuvizima sijui, na dakika zinakwenda, nikaendelea kuwasha, na jumbe za watu zikaanza kuingia zikilia moja juu ya nyingine, wakati huo mchungaji amewaomba washarika wanyamaze waombe kimoyomoyo. Kufika cha saba hakuna aliyekuwa amefumba macho.

"Mzee," mchungaji akaniuliza kwa upole, "unatafuta nini humo?"

Nikasema kweli yote, kadi, basi, tarakimu sita, simu ya Mzee Eliamani. Watu wote wakageuka kumtazama Eliamani benchi la mbele. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa simu kubwa ya kioo.

"Ziko huku," akasema. "Imetetemeka muda mrefu, nikaogopa kuitoa."

Ile aliyoweka kikapuni ilikuwa mbovu.

Nilipofika dukani na tarakimu zangu, muda ulikuwa umepita, tukaomba nyingine, na kabla hazijafika nafasi zote mbili zikawa zimechukuliwa. Nililipa kuku saba, wa mke wangu, aliowakamata mwenyewe. Kuhusu Eliamani baraza lilikaa saa nzima kujadili kama simu kutetemeka ni kulia, na hadi leo hukumu haijatoka.

Jumapili ya ubatizo, alasiri, Eliamani alituletea ile simu yake, akampigia Upendo kwa picha, akatuachia akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mtoto alikuwa bado kavaa nguo zake nyeupe. Mke wangu akamtazama, akamwita jina, kisha akanyoosha kidole ampapase kichwa, na kidole kilipogusa kioo picha ikatoweka. Akaniangalia mimi. Nikaigeuza simu huku na huku, nikaifuta kwa shati, sikujua niiguse wapi.

"Mrudishe, Baba Upendo," akasema.

Tukakaa barazani tukimsubiri Eliamani, mke wangu ameishika simu mapajani kwa mikono miwili. Kikapu nimeshakikabidhi, simu nimenunua, na nimeapa sitatunga tena sheria juu ya kitu ambacho sijawahi kukishika.