Mshenga Haendi Chuo Kikuu

Siku ile ya usaili wangu naikumbuka kama ya jana, mwanangu, na hasira zake hazijaniisha. Na wewe leo unakuja kunikalia hapa kwangu Bertrams uniambie, "Shangazi, twende wote Alhamisi kwenye usaili ukanisemee." Eish! Nikusemee mimi, nimekuwa mdomo wako?

Sikiliza. Nilikuwa hivyohivyo kama wewe. Nimemaliza chuo cha ufundi hapa mjini, naomba kuhamia chuo kikuu nikasomee uhandisi wa umeme. Nafasi za sisi tuliotoka vyuoni zilikuwa za kugombania, nami nikaitwa kwenye usaili. Nyumbani wakafurahi, wakakaa kikao. Wakajadili nini? Nani atakwenda kunisemea! Sisi watu wa Tanga bwana, hata huku ugenini, jambo kubwa haliendi bila mtu wa kulisema. Akachaguliwa Ba'mdogo Sefu, mshenga aliyewaposea wake nusu ya wanaume wa mtaa wa Yeoville.

Akaja na kanzu, koti na sahani ya halua. Halua, mwanangu, kwa maprofesa! Njiani tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ananiusia: "Wewe inamisha macho tu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Tukaingia. Profesa mmoja, mama wa makamo, akaniuliza kwa nini nataka kuhama chuo. Kabla sijameza mate, Ba'mdogo kashadakia: binti katulia, hana makuu, kwao watu wa dini. Yule mama akamwomba kwa heshima akasubiri nje, kisha akanigeukia.

"Chuoni umejifunza nini?"

Nami, mtoto niliyefunzwa nikafunzika, nikainamisha macho nikasema, "Kidogo tu, Mama. Sijui mengi."

Mimi! Niliyekuwa nikifungua mota za cherehani za mafundi wa Berea, nikazisuka nyaya upya zikanguruma! Kwetu ukisema hujui, mtu anakubembeleza mpaka useme. Wale hawakubembeleza. Waliandika, wakanishukuru, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Nyumbani wakasema ni husuda za watu. Mwalimu wangu wa chuo ndiye aliyenipa ukweli wangu. "Walikuuliza, ukawaambia hujui. Wamekuamini. Sasa unalia nini?" Nikamchukia, wallahi. Lakini mwaka uliofuata nilirudi peke yangu, nikawatajia mota moja baada ya nyingine, wakanichukua. Ba'mdogo mpaka anakufa aliamini ni ile halua iliyonipa nafasi.

Kwa hiyo, Zuhura, usiniudhi. Adabu uliyofunzwa ni nzuri, itumie kwenye salamu. Ukiulizwa unajua nini, taja. Na chuo chako usikionee haya, eti watakudharau. Si ndicho kilichokufikisha mlangoni? Kusema kazi ya mikono yako si majivuno. Mficha uchi hazai, na wewe umeshaanza kunificha hata mimi unachokijua.

Alhamisi nitakusindikiza, sawa. Nitakaa nje kwenye benchi na mdomo wangu nimeufunga. Mungu akukunjue ulimi, mwanangu, akutie nuru usoni, na mlango uliofungwa kwangu mara ya kwanza akufungulie wewe mara moja. Amina.

Haya, inua hayo macho. Anza na mimi: chuoni umejifunza nini?