Namba ya Mguu wa Mkaguzi wa Mizani

Kwa miaka thelathini na moja mkaguzi wa mizani hakuandika namba ambayo macho yake hayakuiona. Wenye maduka walimwita Kilo Kamili, wengine kwa heshima, wengine kwa kumng'ong'a. Mizani iliyopunja hata gramu tano aliifungia papo hapo, iwe ya rafiki, iwe ya shemeji yake.

Kisukari kilipoanza kumla mishipa ya fahamu ya miguuni, nyayo zikawa zinawaka kama zimekanyaga makaa. Kliniki walimtaka ataje maumivu yake kwa namba, sifuri hadi kumi. Kila mara alijibu, "Mbili." Mwanamume hujikaza.

Mwaka wa nne daktari alimweleza kuhusu kipimo. Wangeutia ganzi mguu mmoja kwa sindano, nyuma ya goti na kwenye kifundo. Maumivu yakinyamaza, yanatoka kwenye mishipa ya mguuni. Yasiponyamaza, chanzo kiko juu zaidi, na dawa itakuwa nyingine. Ila kwa maumivu ya mbili, alisema akifunga jalada, hakuna cha kupima.

Mkewe, aliyeketi karibu na mlango na mkoba mapajani, akacheka kidogo.

"Baba watoto, mtu wa mbili halali miguu nje ya shuka. Uliifungia mizani ya kaka yangu kwa gramu tano. Leo unapunja mwenyewe?"

Mzee akaiangalia miguu yake.

"Nane," akasema. "Usiku hufika tisa."

Jalada likafunguliwa, sindano ikachomwa mguu wa kulia. Nusu saa baadaye daktari aliuliza tena. Kilo Kamili hakuharakisha. Alingoja kama anayengoja mshale wa mizani utulie. Kushoto nane. Kulia sifuri. Akajisikiliza mara ya pili, maana hakuwahi kusoma mizani mara moja, na bado ilikuwa sifuri.

Jioni ganzi iliisha na moto ukarudi, lakini daktari sasa alijua unakowaka, akabadilisha dawa. Siku hizi ni tatu, na ni tatu ya kweli. Mzee hulala amejifunika gubigubi, na mkewe hulalamika kwamba ananyang'anywa shuka.

Kujikaza si kosa. Kumdanganya anayetaka kukutibu ni kosa. Ile mbili ilimgharimu miaka minne ya usingizi.