Santuri Mbili za Baba

Juzi huko Jeppestown nilimsikia kijana mmoja mwenye mashine mbili za santuri akieleza hip hop ilivyoanza New York. Unakuwa na santuri mbili za wimbo mmoja, alisema. Kipande cha ngoma kikiisha kwenye hii, unakianza upya kwenye ile, na watu wanaendelea kucheza. Niliondoka kabla hajamaliza.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu, fundi cherehani, naye alikuwa na santuri mbili za wimbo mmoja hivyo hivyo. Majirani walisikiliza muziki kwenye simu. Yeye aliinama juu ya mashine zake mbili za santuri. Mimi nilidhani santuri ya pili aliinunua kwa kusahau kwamba anayo tayari.

Mchana mmoja chumba chetu cha Hillbrow kilinuka pasi ya moto, na mama alikuwa akifunga mabegi. Aliniambia anakwenda Tanga kumsalimia bibi, nami nikaamini. Ili asikose muziki, nilichomeka santuri moja kati ya kanga zake. Teksi ikapiga honi, akashuka ngazi na mabegi yake.

Baba aliwasha mashine, na ngoma zilipokaribia kuisha, mkono wake ukaenda kwenye mashine ya pili, ukakuta patupu.

"Nyingine iko wapi?"

"Nimempa mama. Usijali, akirudi ataileta."

Nilingoja anigombeze. Alinipakata tu, wimbo ukaenda mpaka mwisho, sindano ikabaki ikikwaruza.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Ataileta."

Nilisikia kifua chake kikitetemeka mgongoni kwangu, nikadhani anacheka, nikacheka naye.