Unene wa Dada Rispa

Mwanangu, naikumbuka vizuri Jumapili ile shangazi yetu alipofika nyumbani kwetu Kaloleni akatukuta tumemzunguka dada yangu Rispa, tukimsifu.

Rispa alizaliwa mwembamba. Alipochumbiwa, watu wa upande wa mume walimtazama wakacheka: "Huyu atazaa na mifupa gani?" Neno hilo lilimchoma. Rafiki yake akampeleka duka moja la dawa huko mtaa wa Mowlem, akauziwa vidonge vya kunenepesha bila cheti cha daktari. Vilikuwa steroidi, dawa inayowafaa wenye pumu na maradhi mengine, ila yeye hakuwa na ugonjwa. Miezi michache tu, uso ukamviringa. Vijana wa mtaa wakamwita msupa, yaani mrembo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kadiri tulivyomsifu, ndivyo alivyozidi kumeza.

Shangazi hakusifu. Aliinama, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Huu si mwili, ni maji. Mnashangilia nini? Rispa, unalalaje?"

"Ninaketi, shangazi. Nikilala chali pumzi inakatika."

Mama akakasirika. "Wifi, usimtie mwanangu mkosi!"

Kesho yake shangazi alimpeleka Rispa hospitali. Daktari akasema vidonge vile vimepandisha presha mno hadi moyo umetanuka, umechoka kusukuma damu. Vidonge vikapunguzwa kidogo kidogo, maana kuviacha ghafla nako ni hatari. Uvimbe ulishuka, lakini moyo haukupona.

Watu wa upande wa mchumba waliposikia, wakajitoa. "Mlitaka kutuoza mgonjwa," wakasema. Mwaka haukwisha, tukamzika Rispa. Na walewale wakaja matangani, mwanangu, wakaitazama picha yake ya siku zile za unene, wakanong'onezana: "Lakini alikuwa amenawiri!" Maneno hayo yamenikaa kooni kama shubiri hadi leo.

Basi nisikilize. Usimeze dawa ili kuyafurahisha macho ya watu. Macho hayo hayatakuuguza. Daktari akikupa steroidi kwa ugonjwa, zitumie alivyokuagiza, upimwe presha, usiongeze wala usikatize kwa akili yako. Miguu ikivimba au pumzi ikipungua, wahi hospitali. Na anayekuonya, hata akikuudhi, usimfukuze.

Mungu akulindie moyo wako, akujalie watu wa kukwambia kweli ungali hai wa kuisikia.