Mawe ya Redio ya Mama

Enzi zetu redio ilikuwa na koti. Sisi watoto hatukuwa na koti. Ile baridi ya Kitale, asubuhi mahindi imelowa umande, tunaenda kuteka maji tukitetemeka kama vifaranga, na redio ya baba imebaki kwa nyumba imevaa ngozi, imefungwa vifungo mpaka shingoni, imekalia kitambaa cha maua. Ukiigusa tu unasikia mama huko jikoni, na sisi ni watu wa Bungoma, hiyo "r" hatujawahi kupatana nayo: "Nani anashika ledio? Hiyo ledio ni lika yako?"

Nimekumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu Nekesa. Ameanzisha mashindano kwa simu, kwa grupu ya familia. Ati kila mzee achague wimbo moja, ile ilikuwa moto kushinda zote miaka ya sabini. Anakuja na ile sauti ya puani, ananiita kukhu, yaani nyanya yake: "Kukhu, niaje, wewe unachagua gani? Si useme tu, bana, watu wanangoja." Ndugu yangu amechagua, shemeji amechagua, wameanza kutukanana. Mimi nimenyamaza siku tatu. Watu wakauliza kama ni mgonjwa, kwa sababu mimi na kunyamaza hatujuani. Sasa nimemwambia Nekesa aandike, kwa vile mimi kalamu sijui, na asirekebishe.

Nyinyi wa rika yangu mnakumbuka kadi ya salamu. Unanunua kadi dukani, unaandika majina ya wenye unasalimia, unaandika wimbo unataka, unaituma kwa posta. Halafu unangoja. Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, boma yote inakaa kimya kusikia nani atasomwa leo kwa redio. Mtu akisomwa anatembea wiki nzima kama ameoa.

Mama hakuwa amesomwa hata siku moja. Dada yake mkubwa aliolewa Lwakhakha, huko mpakani, na walikuwa hawajaonana miaka mingi. Akataka kumsalimia. Lakini mama hakujua kuandika, na mimi ndiye yule msichana alibaki nyumbani kulea wadogo. Kadi iliandikwa na rafiki yake, Mama Njeri mwenye duka. Hao walitoka upande wa Mlima Kenya, wakanunua shamba karibu na letu. Mama alimfundisha kupika mrenda, na yeye kila akionja anapiga kelele: "Ngai! Hii mboga inateremka yenyewe, hata haingoji nimeze!" Walicheka hao wanawake mpaka kuku zinakimbia.

Basi wakakaa kwa mlango wa duka, mama anasema, Mama Njeri anaandika. Ujumbe: milima haikutani, binadamu hukutana. Jina la wimbo mama alimnong'onezea kwa sikio. Mimi nikajisogeza, nikafukuzwa. "Hii si ya watoto."

Mama akauza jogoo, akanunua mawe mapya ya redio hapo hapo kwa Mama Njeri. Mawe ndio tuliita betri, Nekesa, na usicheke. Akaapa hayo mawe ni ya Jumapili peke yake. Hata baba na taarifa yake ya habari akaambiwa aende asikie kwa jirani.

Sasa mimi. Mama akienda palizi, nilikuwa naita wasichana wenzangu, tunafunga mlango, nafungua vifungo ya koti moja moja, nafungulia muziki. Tulicheza! Vumbi ya sakafu inaamka, mavi ya ng'ombe tuliyopaka juzi inabanduka. Muziki ikinyamaza mimi ndiye mtangazaji, nabana koo: "Wapenzi wasikilizaji, hamjambo huko mliko!" Jua ikianza kushuka natoa mawe, naanika juu ya jiwe moto ati yarudishe nguvu, nakaa hapo nikifukuza kuku. Mama akifika anakuta koti imefungwa mpaka shingoni, na mimi nachambua mboga kama malaika. Hiyo ilikuwa wiki tatu.

Jumapili ya tatu, mama amevaa kitambaa cha kanisa bado. Gitaa ikaanza, tamu, polepole, na mtangazaji akaongea juu yake na ile Kiswahili ya kunyooshwa na pasi: "Kadi hii yatoka kule Kitale, nayo imetumwa na Bi..."

Redio ikazimia.

Sauti ilizama tu, kama ndoo imekatika kamba. Mama akaipiga mgongo. Akatoa mawe, akayauma na meno, akarudisha. Akaweka sikio kabisa kwa ngozi. Kimya. Na huko nje tunasikia mtu anakuja mbio akipiga makofi, na aproni yake ya duka, Mama Njeri: "Mama Nafura! Wamekusoma! Wamesoma yote, mpaka dada yako! Umesikia?"

Mama akasimama mlangoni na yale mawe kwa mkono. Akasema, "Umeniuzia mawe ya kufa."

Mama Njeri alicheka kwanza, akafikiri ni mzaha. Halafu akaona uso ya mama. "Rakini yarikuwa mapya," akasema. "Mapya kabisa." Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kuku.

Hapo tu ndio ilikuwa pa kusema. Neno moja, viboko kidogo, basi. Sikusema. Mama hakukanyaga tena hiyo duka. Hiyo ujumbe yake ya binadamu hukutana, walikutana kila siku kisimani, na hawakusalimiana. Baadaye tukahamia Bungoma, na siku ya kuzika mama, Mama Njeri alikuja kutoka Kitale peke yake. Akanishika mkono karibu na kaburi, akasema polepole, "Nafura, zire mbetiri zirikuwa mpya." Mimi mwenye mdomo ya kuiga kila mtu nikamwambia tu, "Karibu chai, mama."

Watoto wa siku hizi wana nyimbo elfu kwa mfuko. Inaimba nusu, wanaruka, ingine nusu, wanaruka. Hakuna mwenye anangoja Jumapili. Nekesa aliniambia, "Kukhu, imba tu kidogo, simu itaijua." Nikaiimbia hiyo gitaa, ting'iri ting'iri, mdomo karibu kwa kioo. Simu ikafikiri, ikatuletea tangazo ya dawa ya ng'ombe.

Kwa hivyo kura yangu ni hiyo. Wimbo bora ni ile nilisikia gitaa yake tu. Jina yake inajulikana na mtu mmoja amebaki duniani, mwenye aliandika kadi. Yuko Kitale, macho imeenda, masikio bado iko. Siwezi kumuuliza jina ya wimbo bila kumwambia kwanza habari ya mawe.

Nekesa, andika hapo kwa grupu wangoje. Jumapili unanipeleka. Nikipata hiyo jina mtaitafuta, mtaicheza mpaka mwisho, na kila mtu ataisikia isipokuwa mwenye aliiomba.