Mbavu Tatu za Manowari ya Karatasi

Kama ningerudishiwa siku moja tu ya utumishi wangu, ningechagua asubuhi ile Lindi ambapo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliniamuru nikate mbavu tatu kwenye mfano wa manowari, nami nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Ilinipasa kukataa. Walau ningesema, "Nitakata, lakini nitaandika kuwa nimekata."

Niliingia ofisi ya ramani Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeshaanza, kijana niliyetoka sekondari na kaptula iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa. Mchoraji Mkuu, Mmakonde wa upande wa Newala, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua kichwa. Akanipa kalamu ya wino na kuniambia nichore mstari mmoja ulionyooka. Akautazama, akacheka. "Kijana, huu mstari ulikuwa unakwenda sokoni ukakumbuka umesahau kikapu. Rudia." Niliurudia wiki nzima. Kila nilichokijua baadaye nilikipata kwa mtu yule, na mpaka leo namwombea.

Siku moja liliteremka agizo: itengenezwe sura ya manowari ya chini ya maji, ambayo siku hizi mnaiita nyambizi, izungushwe vijijini ili wavuvi waitambue wakiiona. Mbao laini hazikuwepo, kwa hiyo Mchoraji Mkuu akasema tutaijenga kwa karatasi. Tulikuwa na mchoro wa kipimo cha moja kwa mia, maana yake kila inchi moja ya mfano ni inchi mia za chombo chenyewe. Mfano ulitoka na urefu wa inchi ishirini na nane.

Nawaeleza ninyi vijana namna ilivyofanywa. Kwanza tulikata uti wa mgongo kwa kadibodi nene, kisha mbavu ishirini, yaani vipande vya mviringo vinavyochomekwa kwenye uti kwa nafasi sawa. Juu yake tulivika ngozi ya karatasi ngumu, ukanda baada ya ukanda, kwa gundi ya unga wa muhogo. Kabla ya kukunja karatasi unapitisha mgongo wa kisu juu ya mstari, la sivyo mkunjo unapasuka. Pua tuliikata kama petali za ua na kuzikutanisha taratibu. Mnara tuliuweka katikati kabisa. Mwisho vanishi, na rangi ya kijivu.

"Jambo moja," Mchoraji Mkuu alisema huku akifuta vidole. "Ukibadilisha kitu, kiandike kwenye kibandiko. Mchoro usiosema ukweli ni afadhali uwashie jiko." Kisha akashikwa na homa, akalazwa.

Ndipo Bwana Shauri alipokuja na sanduku la bati la kusafirishia mfano. Lilikuwa fupi kwa inchi nne, na lori la Kilwa lilikuwa likinguruma nje.

"Kata nyuma," alisema.

"Bwana, kipimo kitaharibika."

"Wavuvi wana rula? Kata!"

Nikatoa mbavu tatu nyuma ya mnara, nikaunganisha mkia, nikapaka rangi juu ya kiungo. Kazi ilikuwa safi, na nakiri niliionea fahari. Kibandiko kilichosema "moja kwa mia" nilikiacha, nikatia sahihi yangu.

Mwaka uliofuata Bwana Shauri yule alihamishwa, akaja mwingine asiyejua habari ya sanduku. Mchoraji Mkuu alikuwa amestaafu kwa maradhi. Aliyejua nilibaki mimi.

Mjomba wangu Hamisi, kaka wa mama, alikuwa mvuvi wa Kiswere. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, na ndiye aliyenipeleka shule wakati wenzake wakimwambia anapoteza mikono ya kuvuta nyavu. Serikali ilikuwa imemfanya mlinzi wa pwani, akapewa kofia, akaivaa hata akienda kisimani. Siku moja akapeleka habari kwamba ameona manowari alfajiri. Bwana Shauri mpya akaitisha baraza Kiswere, nami nikaenda kama karani, nikaweka mfano mezani.

"Ilikuwa hivi?" Bwana Shauri akamwuliza mjomba.

Mjomba aliuzunguka mara mbili. "Hapana, Bwana. Yangu mnara ulikuwa katikati. Mbele na nyuma sawasawa. Hii imekatwa mkia."

"Mfano huu umepimwa. Kwa hiyo ulichoona si manowari."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Ni nyangumi, Bwana! Kavaa kofia kama yake!" Baraza zima likacheka.

Mjomba hakuwajali. Alinitazama mimi, uso umetulia kabisa. "Huyu mpwa wangu ndiye kaitengeneza. Muulizeni yeye."

Bwana Shauri akageuka. "Karani?"

Nilifikiria sahihi yangu na kazi yangu. Nikasema, "Mfano ni sahihi, Bwana."

Mjomba akavuliwa kofia palepale kwa kosa la kueneza uongo. Kama alichokiona kilikuwa manowari kweli, sijui. Najua jicho lake lilipima vizuri kuliko rula yangu.

Hakukaa tena Kiswere. Hata watoto walikuwa wakimwita Bwana Nyangumi. Alihamia Kikole kulima. Vita vilipokwisha nilimfuata, nikamweleza yote.

"Nilijua," alisema. "Nimekaa chomboni tangu utoto, nishindwe kujua katikati ni wapi? Nilitaka useme siku ile, mbele yao." Akaagiza niletewe chakula. "Karibu, karani."

Nilifanya kazi Lindi, Kilwa na Lindi tena, nikafikia kiti cha Mchoraji Mkuu, na nikastaafu kwa heshima. Nawashukuru walionifundisha na niliowafundisha. Kazi ya karatasi na wino ilinilishia watoto, na siinung'unikii hata siku moja.

Lakini mjomba aliishi miaka mingi Kikole na hakuniita tena mpwa wake. Alipofariki, hakuna aliyetumwa kuniambia. Nilisikia msibani kwa mtu mwingine, yeye akiwa ameshazikwa siku tisa zilizopita. Mbavu zile tatu zilinigharimu mtu aliyenilea, na sikushika hata udongo wa kaburi lake.